Tepe za Ballarat

Kanisa la kwanza la Wakatoliki wa Ballarat lilikuwa la kitambaa. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1851 katika koloni la Victoria, kusini mwa Australia, na haikupita miezi mingi bonde lililokuwa la Wawadawurrung, wenyeji wa nchi ile tangu enzi na enzi, likajaa mahema. Watu walilala ndani ya turubai, wakauza sukari na majembe chini ya turubai, wakazaa na kufia humo humo. Padri alipofika naye akapata turubai lake. Hema lile lilikuwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine, nalo likaitwa kwa jina la Mtakatifu Alipius.

Jina hilo asili yake ni Afrika. Alipius alizaliwa Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, mashariki mwa Algeria. Alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Augustino. Wawili hao walibatizwa pamoja mjini Milano, Pasaka ya mwaka 387, kisha Alipius akarudi nyumbani na kuwa askofu wa mji wake. Padri wa kwanza wa machimbo ya Ballarat alikuwa wa shirika la Waagustino, na jina la rafiki wa baba yao wa kiroho akalivusha bahari hadi kwenye matope ya wachimba dhahabu.

Naanza na hema kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya vitambaa, na mji ule ulianza kusema kwa kitambaa zamani sana kabla ya tepe.

Serikali ya kikoloni ilimtoza kila mchimbaji shilingi 30 kwa mwezi, apate dhahabu asipate. Polisi walizunguka mashimoni wakisaka wasio na leseni. Tarehe 10 Oktoba 1854 walimkamata Johannes Gregorius, Mwarmenia mlemavu aliyekuwa mtumishi wa Padri Patrick Smyth wa St Alipius. Wakampiga, na baada ya kupigwa, yeye ndiye akatozwa faini. Wakatoliki wa machimboni, wengi wao Wairishi, walichachamaa. Hasira hiyo ikakutana na hasira nyingine zilizokuwa zikitokota, na tarehe 29 Novemba, mbele ya umati wa watu wapatao 10,000 pale Bakery Hill, ikapandishwa bendera ambayo hakuna aliyewahi kuiona: ya buluu, yenye msalaba mweupe na nyota tano nyeupe.

Ilikuwa kubwa, urefu mita 4 na kimo mita 2.6 hivi. Mapokeo ya mji yanasema ilishonwa na wanawake, na mmoja wa wanaotajwa ni Anastasia Hayes, mwalimu wa shule ya St Alipius, yaani shule ile ile ya hema. Ilishonwa kwa mkono. Jumapili ya tarehe 3 Desemba, kabla jua halijachomoza, askari waliivamia ngome ya miti waliyoijenga wachimbaji pale Eureka. Mapigano hayakufika hata nusu saa. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa, na askari kadhaa pia. Kiongozi wa wachimbaji, Peter Lalor, alijeruhiwa bega akafichwa, na ni katika nyumba ya Padri Smyth alikokatwa mkono ili aokolewe uhai. Bendera iliteremshwa na polisi mmoja aitwaye John King, ikaburutwa, ikachanwa. Waliokuwepo walijikatia vipande vya kwenda navyo nyumbani. Familia ya King ilikaa na mabaki hadi mwaka 1895, ilipoikabidhi nyumba ya sanaa ya Ballarat. Leo karibu theluthi moja ya kitambaa kile haipo. Imegawanyika kidogo kidogo, kipande hiki kwa huyu, kipande kile kwa yule, mikononi mwa watu waliotaka ukumbusho.

Nitairudia bendera hii baadaye.

Mahema hayadumu, na dhahabu ilipotulia Ballarat ikajenga kwa jiwe. Jiwe la msingi la Kanisa la Mtakatifu Patrick liliwekwa mwaka 1858, katika barabara pana ya Sturt, na kuta zake zikapandishwa kwa bazalti ile nyeusi inayochimbwa Victoria, jiwe zito lenye rangi ya mawingu ya masika. Mwaka 1874 Ballarat ikawa jimbo lenye askofu wake, na kanisa lile likawa kanisa kuu. Likatabarukiwa mwaka 1891. Mbele yake uzio wa chuma. Shule zikafuata, na nyumba za watawa, na vituo vya yatima. Watoto wa Wairishi ambao babu zao waliishi kwenye matope walisoma Kilatini, wakawa mawakili, madaktari, mapadri. Ukiwa mtoto wa Kikatoliki Ballarat katikati ya karne ya 20, Kanisa lilikuwa shule yako, timu yako ya mpira, hospitali yako, na mara nyingi kazi ya baba yako. Hapakuwa na mlango wa kutokea ambao haukupitia kwa mtu wa Kanisa.

Hilo la mwisho msomaji alishike, maana ndilo linaloeleza ukimya uliofuata.

Katika miaka ya mwanzo ya 1970, Shule ya Wavulana ya St Alipius iliendeshwa na mabruda wa shirika la Christian Brothers. Mwaka 1971 mabruda wanne waliofundisha pale walikuwa watu waliokuja kutuhumiwa kuwadhalilisha watoto kingono. Watatu kati yao walihukumiwa baadaye mahakamani. Wa nne alikufa kabla ya kushtakiwa. Kisha akaja padri kuwa mlezi wa kiroho wa watoto hao hao. Aliitwa Gerald Ridsdale. Alikuwa amepewa upadri mwaka 1961, na malalamiko dhidi yake yalianza mapema katika huduma yake. Hakuondolewa. Alihamishwa. Chini ya Askofu Ronald Mulkearns, aliyeliongoza jimbo kuanzia 1971 hadi 1997, alipelekwa parokia hii, kisha ile, Edenhope, Mortlake, na kila alikopelekwa wazazi walimpokea kwa chai na keki bila kuambiwa neno. Kwa makosa ambayo alikuja kukutwa na hatia, kuanzia miaka ya 1990 na kuendelea, watoto aliowaumiza walizidi 60. Hao ni waliofika mahakamani tu.

Sitaeleza waliyotendewa. Wao wenyewe wameyaeleza kwa kiapo, na inatosha kwamba wameaminiwa. Ninachotaka kukitazama ni kile kilichotokea baada ya hapo, yaani miaka 40 ya kutosema. Mtoto aliyejaribu kumwambia mama yake alichapwa kwa kumsingizia padri. Aliyekwenda polisi alikutana na polisi anayesali kanisa lile lile. Waliolipwa fidia baadaye, wengi waliwekewa sharti la kunyamaza. Wengine walikunywa pombe hadi ndoa zikavunjika, na majirani wakasema fulani hana akili, mlevi tu. Mbele ya Tume, shahidi mmoja alishika picha ya darasa lake la nne pale St Alipius. Wavulana 33 wamepangwa kwa mistari, nywele zimechanwa, soksi zimepandishwa. Akasema anaamini kwamba 12 kati yao wamejiua.

Tume ninayoitaja ni Tume ya Kifalme ya kuchunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa watoto kingono. Waziri Mkuu Julia Gillard aliitangaza Novemba 2012, na mwenyekiti wake akawa Jaji Peter McClellan. Mei 2015 ikafika Ballarat. Ilikaa katika jengo la mahakama la mji, siku baada ya siku, wanaume wenye umri wa miaka 50 na 60 wakipanda kizimbani na kutamka kwa sauti mambo ambayo wake zao walikuwa hawajayasikia. Ridsdale mwenyewe alihojiwa kwa video akiwa gerezani. Redio zilitangaza, magazeti yaliandika. Na watu wa kawaida wa mji, wale ambao hawakuguswa na wale walioguswa lakini hawakuwa tayari kusema, wakawa wanapita barabarani huku hawajui wafanye nini na mikono yao.

Hapo ndipo kikundi kidogo cha wakazi kilipokwenda na tepe kwenye uzio wa iliyokuwa Shule ya Wavulana ya St Alipius.

Hapakuwa na msanii. Hakuna aliyechora mpango wala aliyeomba kibali cha jumba la sanaa. Utepe mmoja ukafungwa kwenye nondo ya uzio, kisha wa pili. Fikra ilikuwa nyepesi: uzio huu ulisimama hapa wakati watoto wanaumizwa nyuma yake, ulinyamaza, sasa na upaze sauti. Wakauita Loud Fence, yaani uzio unaopiga kelele. Baada ya siku chache watu wasiofahamiana walikuwa wakileta za kwao. Kutoka St Alipius zikaenda kwenye uzio wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, zikaenda vyuoni, zikaenda kwenye vilivyokuwa vituo vya yatima. Anayepita Sturt kwa gari aliona uzio wa chuma umegeuka manyoya ya kasuku.

Tusimame kidogo kwenye utepe wenyewe. Ni kitu duni. Dukani unauziwa kwa mita, kwenye kigurudumu cha plastiki, na fundi cherehani yeyote anajua tabia yake: ukiukata kwa mkasi bila kuuchoma ncha kwa kibiriti, utaanza kufumuka siku hiyo hiyo. Wa satini unateleza, fundo lake hulegea. Wa pamba unashika lakini hunywa mvua na kuvimba. Jua hula rangi. Nyekundu hugeuka waridi, zambarau hugeuka kijivu. Ballarat ni mji wa baridi na upepo, uko juu kuliko miji ya pwani, na majira ya baridi mvua huja ikiwa imelala ubavu. Kitu dhaifu kuliko utepe kingekuwa vigumu kukipata cha kutundika nje kwenye hali ya hewa ile. Na bado, ukifunga kimoja, kisha elfu, upepo ule ule unavifanya vipige kelele kweli. Tepe zikipigwa na upepo kwenye chuma zina sauti kama ya watu wengi wanaonong'ona.

Watu walileta zaidi ya tepe. Walileta skafu, tai, uzi wa sufu uliosukwa, vitambaa vilivyoandikwa jina moja tu. Lakini vingi havikuandikwa kitu, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, palipokuwa na akili ya jambo lile. Sisi tuliolelewa na kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Lakini kanga husema kwa maandishi, na anayeivaa huonekana, na aliyekusudiwa hujijua. Utepe wa Ballarat ulimpa nafasi yule ambaye hakuweza kusaini jina. Aliyebanwa na mkataba wa kunyamaza angeweza kufunga utepe. Haukuvunja kifungu chochote. Aliyekuwa bado hajamwambia mke wake angeweza kushuka kwenye gari saa kumi na moja alfajiri, akafunga, akaondoka. Mama aliyemzika mwanawe bila kujua sababu, kisha akaijua miaka 30 baadaye kwa kusikiliza redio, angeweza kufunga. Na jirani asiye na msiba wowote angeweza kufunga pia, karibu na wao, na fundo lake lisijulikane ni lipi. Katika uzio ule huwezi kutenganisha aliyeumizwa na anayemwamini. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa peke yake na siri, sijui kama kuna sanaa ingeweza kumpa zaidi ya hapo.

Nasema sanaa kwa makusudi. Wapo watakaobisha kwamba kazi ya sanaa lazima iwe na mtu aliyeibuni na kuisaini. Basi na tuiulize bendera ya Eureka nani aliisaini. Kazi ya kitambaa mara nyingi imekuwa hivyo, mikono mingi, majina machache, na ndiyo maana kwa karne nyingi imeitwa kazi ya nyumbani na kuwekwa nje ya vitabu vya wasanii. Jambo ambalo wakazi wa Ballarat walilijua bila kufundishwa ni kuchagua mahali. Tepe zile zile zingefungwa bustanini, zingekuwa pambo. Kwenye uzio wa kanisa zilikuwa ushahidi. Ziliweka kitu laini juu ya kitu kigumu, rangi juu ya jiwe jeusi, na ziliwekwa mpakani kabisa, pale ambapo mali ya Kanisa inaishia na njia ya umma inaanzia. Kila aliyekwenda misa alilazimika kupita kati yake.

Hilo halikuwapendeza wote, na si haki kulificha. Wapo waumini wema, watu waliobatiza watoto wao pale na kuwazika wazazi wao pale, waliohisi kwamba kila Jumapili wanashtakiwa kwa kosa la mwingine. Si mara moja tepe zilikutwa zimekatwa. Waliozifunga walirudi na nyingine.

Februari 2016 habari ilivuka bahari. Kardinali George Pell, mzaliwa wa Ballarat, aliyewahi kuwa padri katika jimbo lile na mwaka 1973 kuishi nyumba moja na Ridsdale pale St Alipius, alikuwa sasa Vatikani akisimamia fedha. Madaktari walisema hawezi kusafiri, kwa hiyo Tume ikamhoji kwa video akiwa Hoteli Quirinale, Roma, siku nne, kuanzia tarehe 29 Februari. Manusura wapatao 15 walisafiri hadi Roma kwa mchango wa umma ili wakae chumba kimoja naye wakati anajibu. Wakaenda na tepe zao. Kabla ya kuanza kuhojiwa, Pell mwenyewe alifunga utepe kwenye pango la Bikira Maria wa Lurdi katika bustani za Vatikani, akasema anasimama pamoja na watu wa Ballarat. Wengine walipokea kitendo kile kwa shukrani, wengine kiliwafungulia kidonda. Mimi nakiandika tu kama kilivyotokea: utepe ulioanza kwenye nondo za shule ya msingi ulifika nyuma ya kuta za Vatikani katika miezi tisa.

Mwezi huo huo Mulkearns naye, mzee mgonjwa, alihojiwa kwa video kutoka nyumba ya wazee. Aliomba radhi. Aprili akafa.

Tarehe 15 Desemba 2017 Tume ilikabidhi ripoti yake ya mwisho: juzuu 17, mapendekezo 409, baada ya vikao vya wazi 57 na mazungumzo ya faragha zaidi ya 8,000. Ndani yake kuna tarakimu zinazohusu Kanisa Katoliki la Australia ambazo hazisomeki haraka. Watu 4,444 walikuwa wamewasilisha madai ya kudhalilishwa utotoni mbele ya mamlaka za Kanisa hilo kati ya mwaka 1980 na 2015. Kwa mapadri waliohudumu kati ya 1950 na 2010, asilimia 7 walitajwa katika madai. Julai 2018 mpango wa taifa wa fidia ukaanza, kikomo dola 150,000 za Australia kwa mtu. Oktoba mwaka huo Waziri Mkuu Scott Morrison aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa.

Kesi ya Pell mwenyewe ilikuwa nyingine kabisa, haikuhusu St Alipius, na lazima isemwe kwa uangalifu. Desemba 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini Melbourne lilimkuta na hatia ya kuwadhalilisha wavulana wawili wa kwaya. Alifungwa. Tarehe 7 Aprili 2020 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wote saba kwa kauli moja, ilifuta hukumu hiyo, akatoka huru. Mwezi uliofuata zikatolewa kurasa za ripoti ya Tume zilizokuwa zimefichwa kungojea kesi. Tume ilihitimisha kwamba kufikia mwaka 1973 Pell alikuwa anatambua kuwapo kwa udhalilishaji wa watoto unaofanywa na watumishi wa Kanisa. Yeye alisema hitimisho hilo halina ushahidi. Alikufa Roma tarehe 10 Januari 2023.

Mwili wake ukarudishwa Sydney kuzikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria. Siku chache kabla ya mazishi tepe zikaanza kuonekana kwenye uzio wa kanisa lile. Wahudumu wa kanisa walizifungua. Watu wakafunga nyingine, nazo zikaondolewa, wakafunga tena. Picha za siku zile zinaonyesha jambo ambalo nimelitazama mara nyingi: mtu mmoja anakata kwa mkasi upande huu wa uzio, na hatua chache kutoka hapo, upande wa pili, mtu mwingine ameinama anafunga. Hawatazamani. Tarehe 2 Februari misa ya mazishi iliendelea ndani na nje kwenye uwanja wa kanisa mbele ya maelfu, na ng'ambo ya barabara waandamanaji walipaza sauti.

Namwelewa vizuri anayeomba mazishi yapite kwa heshima. Kwetu maiti hukumbukwa kwa mema, hata adui huvua kofia. Lakini nikiulizwa, nasema tepe zile zingeachwa. Hazikuziba mlango. Hazikumtukana mtu. Uzio unaweza kubeba majonzi ya namna mbili kwa siku moja, na waliozifunga nao walikuwa na maiti wao, ambao wengi wao walizikwa bila askofu wala umati.

Wakati huo desturi ilikuwa imeshatoka Australia. Uingereza, manusura wa makanisa ya Kianglikana na ya Kikatoliki waliichukua, na huko baadhi ya maaskofu walitoka wenyewe kufunga utepe wakiwa na manusura kando yao. Sheria, kwa upande wake, imeendelea kwenda mbele na kurudi nyuma. Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kesi iliyotoka jimbo lile lile la Ballarat, ya mtu aliyedhalilishwa na padri akiwa na umri wa miaka mitano huko Port Fairy mwaka 1971. Alikuwa ameshinda katika mahakama za chini. Mahakama Kuu ikasema padri si mwajiriwa wa jimbo, kwa hiyo jimbo haliwezi kubebeshwa kosa lake kwa njia ya mwajiri kuwajibikia mwajiriwa. Mlango mmoja ukafungwa. Februari 2025 Ridsdale akafia kifungoni akiwa na miaka 90.

Narudi kwenye bendera. Ukienda Ballarat utaikuta katika chumba chenye mwanga hafifu, nyuma ya kioo, imelazwa kwa mteremko ili uzi usivutane. Mafundi wa kuhifadhi nguo waliishughulikia mwaka 2010, uzi kwa uzi. Unaona mashimo yaliyoachwa na watu waliojikatia ukumbusho, mengine yana kingo zilizonyooka kabisa, dalili kwamba aliyekata alikuwa na mkasi mzuri na hakuwa na haraka. Kila aliyeipenda aliipunguza.

Tepe hazina kioo. Hakuna anayezuia jua. Aliyefunga wa kwake mwaka 2015 na kurudi baada ya majira mawili ya baridi hukuta uzi mchache uliopauka umeshikilia nondo, na rangi haijulikani tena ilikuwa nini. Mara nyingi hauondoi. Huchukua mpya mfukoni, huuzungusha juu ya ule wa zamani, akaukaza kwa meno kama vidole vimeganda kwa baridi, na fundo la jana likabaki ndani ya fundo la leo. Kuna nondo ambazo vitambaa vimerundikana hivyo tabaka juu ya tabaka, vimekuwa vinene kama kifundo cha mkono wa mtoto.

Halafu hupanda gari lake, akaenda kazini.